Dellasoglia Mmoja wa Buyenzi

Enzi zetu, sisi tuliozaliwa Usumbura tukakulia Bujumbura bila kuhama nyumba, tulijua mapema kwamba jina linaweza kubadilishwa. Uhuru ulikuja, bendera ikashushwa nyingine ikapandishwa, na mji ukapewa jina lake jipya. Wazee wa mtaa wetu wa Buyenzi waliendelea kusema Usumbura kwa miaka mingi, kama mtu anayemwita bibi-arusi kwa jina la utotoni. Sisi watoto tulilizoea jipya kwa wiki moja tu. Jina ambalo hakuna aliyelizoea ni langu.

Naitwa Anjelina Dellasoglia. Husomwa "Delasolia", lakini masista waliotufundisha walilisoma kila mmoja kivyake, na watoto wa darasani wakalisoma kwa namna iliyowafurahisha zaidi: "Sogea-lia." Nilipoingia katikati kwenye mchezo wa kukwepa mpira, na mpira wetu wa matambara uko hewani, walipiga makofi wakiimba, "Sogea, lia! Sogea, lia!" Nami nilisogea. Kulia nililia nyumbani.

Baba alikuwa Mwitaliano, fundi wa sakafu. Nyumba nyingi za Rohero, mtaa wa Wazungu, zenye sakafu ya vipande vya mawe ya rangi zilipita mikononi mwake. Nakumbuka magoti yake yaliyokuwa magumu kama kisigino, na harufu ya saruji na tumbaku. Mama alikuwa Mfulero kutoka Uvira, mshonaji, na cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka moja la Asiatique, mtaa wa Wahindi. Nilipokuwa na miaka sita, uhuru haujamaliza hata mwaka, kazi ya baba iliisha. Alipanda meli ya Kigoma. Bandarini aliniinua, akasema ataandika. Hakuandika.

Msidhani nilikosa utoto. Tulicheza mdako mpaka kucha zikapasuka. Tulikula sombe, yaani kisamvu, yenye mawese mpaka midomo ikang'aa, na ndagala, dagaa wa ziwani, wakavu tuliwaiba kwenye ungo wa jirani wakati wanaanikwa. Mvua ikinyesha, mifereji ya Buyenzi iligeuka mito nasi tukawa samaki wake. Watoto wa leo mvua ikinyesha hufunga dirisha wasije wakalowesha simu.

Lakini jioni, watu walipokaa nje na viti vyao, swali lilikuwa moja tu kwa mtoto yeyote aliyepita: "We ni wa nani?" Na kila mwenzangu alikuwa na jibu refu. Huyu ni wa fulani wa Fizi, shangazi yake yuko Kinama, babu yake alikuja na misafara ya Ujiji. Mimi jibu langu lilikuwa neno moja, na wazee wakilisikia walitazamana.

Kilichowashangaza zaidi Warundi ni kwamba jina lenyewe halikuwa langu peke yangu. Kwao kila mtoto hupewa lake, siku yake, kwa sababu yake. Rafiki yangu Spesi aliniuliza siku moja, "Hiyo jina ni yako ama ni ya baba yako?"

"Ni yetu wote."

"Wote wako wapi?"

Nilikuwa na miaka kumi na moja, na swali lile nililala nalo, nikaamka nalo. Wote wako wapi? Kama jina ni la wengi, basi mahali fulani wapo wengi. Nikaanza kuwatafuta.

Nilianzia posta ya Rohero, ambako palikuwa na kitabu cha simu kilichofungwa mezani kwa mnyororo. Karani alikuwa mtu mzima mwenye miwani, mpole. "Unatafuta nani, mutoto?"

"Mutu wa jina yangu."

Nikamwandikia. Alipitisha kidole kwenye ukurasa polepole, akarudia, kisha akavua miwani. "Apana. Haiko hata moja. Na we mwenyewe haumo."

Alisema bila ubaya. Nyumbani hatukuwa na simu. Nami nilitembea mpaka Buyenzi nikilirudia neno lile: na we mwenyewe haumo.

Mama alijua ninachofanya. Siku hiyo aliniwekea sahani, akaketi mbele yangu, jambo asilolifanya mara kwa mara. "Anje, mi sikuolewa na jina. Niliolewa na mutu. Mutu ameenda, jina imebaki, na jina hailiwi. Kula." Nikala. Lakini niliona alivyokuwa akikunja na kukunjua pindo la kitenge chake.

Mwaka uliofuata parokiani kwetu alikuja padiri Mwitaliano, mrefu, mwenye pikipiki iliyosikika kabla yeye hajaonekana. Tulimwita Padiri Ernesto. Nilimngojea baada ya katekisimu nikampa karatasi yenye jina langu. Aliisoma kwa sauti, na hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu baba aondoke nilipolisikia likitamkwa sawasawa.

"Sijawahi kulisikia, mtoto wangu," alisema. "Nimezaliwa kule, nimesoma kule, sijawahi. Ni jina adimu sana." Alipoona uso wangu akaongeza, "Mwezi wa sita ninakwenda likizo. Nitauliza."

Alikaa huko miezi minane, kwa maana aliugua. Miezi minane! Kila pikipiki iliyopita nilikimbia barabarani. Mama aliacha kunikataza.

Aliporudi, amekonda, alikuja mwenyewe mpaka nyumbani kwetu. Mama alimpa kiti chetu kimoja kizuri, sisi tukakaa mkekani. Alieleza kwamba alitafuta kwenye vitabu vya simu vya miji mikubwa, hakupata. Aliwaandikia mapadiri wenzake, na mmoja, wa parokia ya milimani kaskazini, akamjibu: jina hilo liko kijijini kwao, na kwa anavyojua haliko pengine popote. Lilikuwa limebaki katika nyumba mbili.

"Mbili?" mama akauliza. "Inchi nzima?"

"Ndiyo, mama. Nilikwenda. Nilionyeshwa daftari la ubatizo." Akanyoosha kidole mlangoni kwetu, chini. "*Soglia* kwa Kiitaliano ni kizingiti cha mlango. Zamani sana, asubuhi ya baridi, mtu alimwacha mtoto mchanga kwenye kizingiti cha kanisa. Hakujulikana mama wala baba. Padiri akambatiza, akamwandika Dellasoglia, yaani wa kizingitini. Wote wenye jina hilo wametoka kwa mtoto yule mmoja."

Nilikuwa nimengoja ukoo mkubwa. Nilikuwa nimejitengenezea kichwani kijiji kizima, meza ndefu, shangazi wengi wa kubishana juu ya nani nimefanana naye. Kumbe huko mwisho wa njia, nyuma ya wote, alikuwako mtoto mmoja peke yake mlangoni.

"Na baba yangu?"

"Hawajui alipo. Alipita kwao mara moja, akaenda kufanya kazi nchi nyingine. Hajaandika hata kule."

Mama alifunika uso kwa kitenge. Nilidhani analia kwa hasira, lakini alipokifunua alisema taratibu, "Maskini. Kumbe na ye hakufundishwa kubaki." Sijawahi kumsikia akisema tena neno baya juu ya baba.

Padiri alitoa barua mfukoni. Ilitoka kwa shangazi yake baba, mwanamke mzee, Zia Pina, yaani Shangazi Pina, aliyeishi peke yake katika moja ya nyumba zile mbili. Padiri alitusomea kwa Kiswahili chake cha kitabuni: *Sikujua kama upo. Sasa najua. Sisi ni wachache mno hata hatuwezi kusahauliana. Niambie unapenda kula nini.*

Nilimwandikia, padiri akitafsiri, juu ya sombe na ndagala. Yeye aliniandikia juu ya chestinati, kokwa za miti ya kwao, anazochoma mwenyewe na theluji inayoziba mlango. Barua nne alizituma kwa muda wa miaka miwili, na kwa miaka ile miwili, wazee wa barazani waliponiuliza mimi ni wa nani, nilijibu kwa sauti, "Nina shangazi Italia." Barua yangu ya tano ilirudi. Juu yake paligongwa muhuri wa neno moja. Nilimpelekea padiri. Alivua kofia, akamwombea marehemu.

Nilikuwa na miaka kumi na tano. Nilikwenda kukaa ufukoni mwa ziwa, mahali nilipoweza kuiona milima ya Uvira ng'ambo, kwao mama, iliyo karibu hata moshi wake unaonekana. Kwao baba hakukuwa na upande wa kutazamia.

Nimezeeka sasa. Mama nilimzika, padiri alirudi kwao. Niliolewa, nikazaa watoto watatu, na kila mmoja tulimpa jina lake mwenyewe kama ilivyo desturi ya hapa, wala sijuti. Juzi mjukuu wangu Keza alinisikia nikisimulia haya, akachukua simu yake. Sikuwa nimemaliza sentensi. "Bibi, ona, kuna ramani ya majina ya watu ya Italia yote. Jina yako haina hata nukta moja, hata kule kijijini." Akasema pole, akanibusu, akarudi kuwatazama watu wanaocheza ngoma kwenye kioo cha simu.

Sisi tulingoja miezi minane kwa jibu moja, na jibu likija tulilikalisha kwenye kiti kizuri tukalisikiliza. Hawa wanajibiwa kabla hawajauliza, na labda ndiyo maana hawaulizi. Barazani jioni viti vimepungua, na mtoto akipita hakuna tena anayemwita kumwuliza yeye ni wa nani. Angekuwako wa kuniuliza mimi leo, ningemjibu kwamba mimi ndiye wa mwisho.