Jina Alilopewa na Wageni

Mwanangu alipozaliwa, jina la kwanza halikunisumbua. Lilikuwa la mtakatifu, padri hakuwa na la kusema, na mimi sikuwa na nguvu za kutafuta jingine. Kilichoninyima raha ni jina la katikati. Kwa watu wengine hilo si jambo la kukalia kikao. Katikati anakaa baba, mambo yamekwisha. Mimi nilikuwa nimejilaza katika chumba changu cha kupanga Kihonda, mtoto kifuani, na kila nikijaribu kulitamka jina lake pamoja na la baba yake niliishia njiani. Niliogopa. Naliweka wazi mapema, maana yote yaliyofuata yalitoka kwenye woga huo.

Baba yake alikuwa mtu wa Kanda ya Ziwa. Alikuja Morogoro kufanya kazi kiwandani, enzi zile ambazo ukisema unafanya kazi kiwandani hata mwenye nyumba alikupa kiti. Mimi nilikuwa nauza mitumba sokoni, biashara ambayo miaka michache nyuma ingeniingiza matatani, na sasa ilikuwa ruksa. Ruksa hiyo hiyo iliyonipa mimi riziki ndiyo iliyomnyang'anya yeye. Tuliambiwa kiwanda kinauzwa, mwekezaji anakuja, lakini kwanza watu wapunguzwe. Akapunguzwa. Mimba yangu ilikuwa imeshaanza kuonekana. Akaniambia anakwenda kwao kuzungumza na wazee, kisha atarudi nao waende kwa mama yangu kufanya mambo kwa utaratibu. Alifunga mizigo yake vizuri kupita kiasi, hadi picha yake ya ukutani akaibandua. Nilielewa, lakini nilimsindikiza stendi na kumpungia mkono mpaka basi likakata kona.

Aliyenitia woga ni jirani yangu, mwanamke wa huko huko Ziwani, tuliyetenganishwa na ukuta mmoja. Hakuwa mbaya. Alikuja kuniona na sufuria ya uji wa pilipili manga, akamfunua mtoto, akamfunika tena.

"Shoga, ni wa kiume," alisema. "Basi watakuja."

"Akina nani?"

"Wa kwao. Kwetu sisi mtoto wa kiume haachwi. Na wewe ukimpa jina lao, umeshamkabidhi. Ataacha ziwa lako, watamfuata, na hutapata wa kumlalamikia."

Alisema hivyo huku anakoroga sukari kwenye uji wangu, kama mtu anayenieleza bei ya unga. Mimi uji ulinishinda. Tangu siku hiyo mwanamume yeyote mgeni akipita dirishani, nilimvuta mtoto karibu na kusikiliza kama hatua zinasimama mlangoni.

Mama yangu alishuka kutoka upande wa Matombo kuja kuniuguza, na ndizi zake na mdalasini wake, akijaza chumba harufu ya nyumbani. Nilimwacha apumzike, kisha nikamwambia nimeshaamua. Katikati nitamweka yeye. Jina lake yeye, mama yangu.

Alicheka mpaka akaweka chini ndizi aliyokuwa anaimenya. "Mwanamume abebe jina la kike? Si watamcheka shuleni mpaka akimbie?" Aliponiona sicheki, akaacha. "Una nini, mwanangu?"

Nikamweleza maneno ya jirani. Hayakumwingia. Mama alikulia milimani, na huko kwetu mtoto ni wa upande wa mama tangu anapotungwa. Ukoo, au lukolo kama tunavyouita, ni wa mama. Mashamba ni ya mama. Hata kaburi lake litakuwa kwa watu wa mama. Lakini jina hutoka kwa baba. Ndiyo heshima ya baba, na haina gharama, kwa sababu mtoto hatoki pale alipo.

"Jina ndilo peke yake tunalowaachia wanaume," aliniambia. "Hata hilo unataka kuwanyima? Mtoto ni wetu, hata aitwe nani."

"Kwao sivyo, mama."

"Hapa si kwao."

Huwezi kubishana na mtu ambaye hajawahi kuona jambo likifanyika tofauti. Lakini kichwa changu ni kigumu kama chake. Siku ya kliniki nikalitaja jina la mama. Muuguzi aliinua macho, akauliza kama hilo la katikati ndilo la baba. Nikajibu ndiyo, bila kupepesa. Alinitazama, akamtazama mtoto, akaandika kwenye kadi. Nilirudi nyumbani nikitembea wepesi kwa mara ya kwanza tangu nijifungue.

Wepesi huo haukudumu. Jumapili moja nilikuwa uani nafua nepi, nikasikia hodi, na mama akiitikia kwa furaha. Niliingia mikono ikichuruzika maji. Kitandani kwangu wameketi kaka mkubwa wa baba wa mtoto na shangazi yao, mwanamke mtu mzima aliyejitanda kitenge. Mtoto wangu alikuwa mapajani mwa shangazi. Shangazi alikuwa amemfunua miguu na anazitazama nyayo zake, anatikisa kichwa, kama mtu aliyekuta kitu chake kilichopotea.

"Shikamooni," nilisema. Sauti ilitoka ya kitoto.

"Marahaba, shemeji." Yule kaka alikuwa mpole, na hilo liliniogopesha zaidi. Mtu mkorofi ningempigia kelele majirani wajae. Huyu alileta samaki wa kukausha na doti ya kitenge, akamwomba mama radhi kwa niaba ya mdogo wake, ambaye alisema anahangaika na kazi na anaona haya kuja mikono mitupu. Mama alikuwa ameshaanza kuyeyuka. Miezi yote hiyo alikuwa ameibeba aibu yangu kimya kimya, na leo wamekuja watu wenye adabu, wanaoketi na kuzungumza kama watu.

"Anaitwa nani?" kaka akauliza.

Nikataja jina la kwanza, nikaishia hapo.

"Na katikati?"

Nilifungua mdomo. Mama akaniwahi. Alijiweka sawa kanga yake, akaninyima macho makusudi, akasema, "Katikati bado. Tulikuwa tunawangoja nyinyi. Jina ni lenu."

Nikajishikiza kwenye kabati. Nilitaka kusema mama amekosea, jina lipo tayari, limeandikwa kwenye kadi. Lakini nitamwita mama yangu mwongo mbele ya wageni? Nililelewa vibaya au vizuri, sijui, ila sikuweza. Kaka alimtazama shangazi. Shangazi akaanza kutokwa machozi. Wakamwinua mtoto, kaka akainama akasema jambo sikioni mwake, kisha akalirudia kwa sauti ili sote tusikie. Lilikuwa jina la baba yao aliyefariki, jina refu la huko kwao, ambalo Morogoro nzima sikuwahi kumsikia mtu akiitwa. Mama alilijaribu mdomoni, likamshinda, akalijaribu tena, likatoka. Akapiga vigelegele vidogo. Alifurahi kweli.

Kaka alisimama. "Mama, umetuheshimu," alisema. "Tulikuja tumejiandaa kubishana, na wewe umetupa bila hata kuombwa. Mleeni kwa sasa. Akishaacha ziwa akawa anakula mwenyewe, tutakuja kumchukua."

"Mumpeleke wapi?" mama aliuliza, bado anatabasamu.

"Kwao."

"Kwao ni hapa."

Kaka akamtazama kwa huruma, kama anayezungumza na mgonjwa. "Lakini umesema ni wetu."

"Nimesema jina."

"Ndiyo, mama. Jina."

Nilimwona mama anaelewa. Uso ulimbadilika taratibu. Alinyoosha mikono akamchukua mtoto kutoka kwa shangazi, akamweka kifuani, akasema kwa sauti ya chini, "Basi nirudishieni. Sikujua. Lirudisheni jina lenu mwende nalo."

"Halirudi," kaka alijibu, na nadhani aliona uchungu kusema. "Nimeshamwita."

Waliondoka na adabu zao zote. Shangazi aliniaga kwa kunishika mashavu. Walipopotea njiani mama aliketi sakafuni na mtoto, akakataa chakula. Samaki wale hakuna aliyewagusa, nikawapeleka kwa jirani. Baadaye mama alisema neno moja tu, kwamba amemgawa mjukuu wake kwa kinywa chake mwenyewe. Sikumfariji. Nilikuwa na hasira naye, na woga ulinijaa hadi sikubakiwa na nafasi ya huruma.

Kwa kuwa walisema ziwa, nilimnyonyesha. Nilimnyonyesha mpaka anatembea, mpaka anakimbia, mpaka wenzangu sokoni wakanitania kwamba mwanangu ataandikishwa darasa la kwanza huku ananyonya. Nilicheka nao. Mwisho mtoto mwenyewe aliligeuzia ziwa kisogo, akataka mhogo. Nililia siku ile. Wiki hiyo hiyo nilimfunga mgongoni, nikapanda gari mpaka Mkuyuni, na kutoka hapo tukaenda kama barabara ilivyotaka, kipande kwenye lori la ndizi na kipande kwa miguu, hadi kwa mama. Nilimwachia. Huko juu mvua zikishanyesha hata gari la misheni linakwama. Mgeni hafiki bila kuulizwa na kila mtu anakwenda kwa nani. Mama hakuniuliza maswali. Alimpokea mtoto na kuingia naye ndani.

Nilikuwa nikienda kumwona, lakini si mara nyingi. Biashara ilinibana, barabara ilinibana, na zaidi ya hapo niliogopa kwamba siku moja nitafuatwa nyuma na nitawaonyesha njia mwenyewe. Nilimchagulia nguo nzuri kuliko zote kila nikifungua belo la mitumba. Alizipokea kwa mikono miwili, akaniita mama wa mjini, akakimbilia kuzijaribu. Kila nilipoondoka nilijiambia ni afadhali hivi.

Hawakuja. Alifika umri wa shule, bado hawajaja. Ndipo jirani yangu alipokwenda kwao msibani, akarudi na habari. Yule kaka mpole alikuwa ametangulia mbele ya haki. Yule bwana wangu ameoa, ana watoto wa kiume wanaomtosha, na mtoto wa Morogoro hatajwi. "Hakuna anayemkumbuka, shoga," alisema. "Lala usingizi."

Nililala. Kulipokucha nilikuwa mtu mwingine. Nilinunua sare ya shule, nikaikunja kwenye mfuko, nikapata gari la asubuhi la Matombo. Njiani nilikuwa natabasamu peke yangu. Hata lile suala la jina nililimaliza humo garini. Jina la bibi yake wangemcheka nalo, mama alisema kweli. Na la kiume la katikati alikuwa nalo moja tu, lile la wageni. Sasa halina wa kulidai. Acha awe nalo, nilijiambia, ni zuri, na darasani hakuna atakayefanana naye.

Nilimkuta uani kwa mama, amenipa mgongo, anapanga maganda ya karanga chini. Nilisimama pale penye njia, na kwa furaha nikamwita kwa majina yake yote, lile la katikati nikilivuta vizuri.

Alinyanyuka na kukimbia bila kugeuka. Alipita jikoni, akaruka mfereji, akapotelea migombani. Nilibaki nimeduwaa na mfuko wangu. Mama alitoka ndani mbio, mikono myeupe kwa unga, akaangaza huku na huku mpaka aliponiona ni mimi.

"Umemwitaje?" aliuliza.

Nikamwambia.

"Nilimfundisha," alisema. "Tangu alipoanza kuelewa maneno. Atakayekuita jina hilo, kimbia, wala usigeuke kumtazama."

Tulimtafuta pamoja. Alikuwa amejikunja chini ya majani makavu ya mgomba, anatetemeka, macho ameyafumba. Hakuja kwangu. Alijitupa kwa bibi yake na kujifunika na kanga yake.

"Bibi, ndio wale?"

"Hapana, mjukuu wangu. Ni mama yako wa mjini. Si unamjua."

Alitoa uso, akanitazama, kisha akautazama mfuko.

"Kwa hiyo hakuja kunichukua?"

Mama aliniachia mimi nijibu.  Nikamwambia nimekuja kumchukua.