Sikujua Anunua Baiskeli ya Kuvuka Vilima

Sikujua alikuwa mke mkubwa wa Luhende, na hakujaliwa mtoto. Jambo hilo halikumtesa kama watu walivyodhani, kwa kuwa mke mdogo, Zipora, alizaa wanne, na yule wa kwanza, Mihayo, alikulia mgongoni kwa Sikujua kuliko kwa mama yake. Zipora akaitwa Mama Mihayo, Sikujua akaitwa Mama Mkubwa. Wako wake wenza wanaogombana mpaka kwa chumvi. Hawa wawili walitwanga katika kinu kimoja, mchi huu ukipanda ule ukishuka, na Luhende aliposafiri kupeleka ng'ombe mnadani nyumba haikupoa hata kidogo, maana mazungumzo ya mle ndani hayakuwa yake.

Luhende alikufa mwaka 1973. Mwaka uliofuata watu wakaamriwa kuhamia vijijini, na mji wao, uliokuwa umejitenga kwenye mteremko magharibi ya Geita, ukavunjwa. Mihayo alikwisha kuwa mvuvi upande wa Chato. Alikuja na lori la kuazima kumchukua mama yake na wadogo zake. Siku hiyo Sikujua alikaa mlangoni, mzigo wake umefungwa tayari tangu alfajiri. Mihayo akamwamkia, "Shikamoo, Mama Mkubwa," akamshushia gunia la mtama, kisha akaanza kupakia vyungu vya mama yake. Hakuna aliyesema, "Na wewe panda." Sikujua naye hakuomba. Lori lilipoondoka alirudi ndani akaufungua mzigo, kitu kimoja kimoja, akavirudisha vyote mahali pake ingawa nyumba yenyewe ilikuwa ya kubomolewa kesho yake.

Kijiji kipya kilimpa kiwanja mwishoni mwa mstari wa nyumba. Majirani walikuwa watu wazuri. Walimsaidia kuezeka, wakamgawia moto, wakamsalimu asubuhi kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," umeamkaje, mama, naye akawaitikia. Lakini kila mji ulikuwa umehamia pale na watu wake, na jioni kila mtu aligeukia kwake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona na Mihayo mgongoni, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kumwita Mama Mkubwa. Alikuwa tu yule mama wa nyumba ya mwisho.

Kilichomshinda kabisa ni ugali. Mkono wake ulikwisha kuzoea kusongea watu wengi. Kila jioni alisonga, akageuza, akaona ameshapika wa mji mzima, na asubuhi akala kiporo peke yake. Alinunua sufuria ndogo. Akajikuta anaijaza mpaka unga unamwagikia mafigani.

Kwenda kwa Mama Mihayo hakukuwa jambo rahisi. Basi la Chato lilipita siku lilipotaka, na hata likipita lilimwacha mtu njia panda. Kutoka hapo palikuwa na vilima vya mawe, kimoja nyuma ya kingine, halafu mchanga mzito hadi ziwani. Mara moja Sikujua alijaribu kwa miguu moja kwa moja kutoka nyumbani, kikapu cha karanga kichwani. Jua lilimkuta kilima cha pili anachechemea. Alikaa juu ya jiwe, akayatazama mabonde yaliyobaki mbele yake, akageuka kurudi.

Wazo la baiskeli alilipata kwa mkunga wa zahanati. Alimwona siku moja akishuka njia ya mawe kwa baiskeli, gauni amelibana magotini, begi la kazi nyuma, wala haonekani kuhangaika. Sikujua alisimama na jembe lake mpaka yule mama akapotelea kwenye mihogo. Pamba ya msimu ule aliipalilia kwa bidii ambayo majirani hawakuielewa.

Baada ya mauzo alipanda basi kwenda Geita. Pale mjini palikuwa na fundi baiskeli aliyeitwa Akida, mtu mwenye asili ya pwani, aliyefanyia kazi barazani pa duka la nguo. Baba yake alikuja huku enzi za mgodi wa dhahabu, na mgodi ulipofungwa wao wakabaki. Akida alivaa kofia ya kitambaa iliyokwisha kuwa nyeusi kwa grisi, na alikuwa mwepesi wa maneno.

"Karibu, mama. Ya mzee imeharibika nini?"

"Hakuna mzee. Nataka kununua."

"Ya nani?"

"Yangu."

Akida aliweka chini spana. Hakucheka, na Sikujua alimkumbukia hilo siku zote. Alimwambia ukweli kwamba mpya asiziwazie. Dukani zilikuwa adimu, na ikitokea moja ilikuwa na mwenyewe kabla haijashushwa kwenye gari. Kilichobaki ni kuchagua katika tatu zilizoegemezwa ukutani.

Ya kwanza ilikuwa ya karani mmoja aliyehamishwa. Iling'aa. Ilikuwa na taa ya dinamo, kengele ya kupendeza, na rangi ya kijani ambayo Sikujua hakuweza kuacha kuigusa. Ya pili ilikuwa jitu jeusi lenye bomba la juu, mali ya Onesmo, aliyekuwa mchimbaji mgodini. Keria yake ingebeba mbuzi wawili. Ya tatu ilikuwa ya kike, fremu yake imeinama katikati, imetoka misheni; haikuwa na kengele, wala taa, wala madigadi, na kiti chake kilipasuka hadi chuma kikaonekana.

"Unakwenda nayo wapi?" Akida akauliza.

"Ng'ambo ya vilima. Karibu na ziwa."

"Na mzigo?"

"Karanga. Mtama kidogo."

Akida akaigeuza ile ya kijani miguu juu, akazungusha gurudumu. "Hii ni ya kwendea ofisini. Tazama tairi zilivyo nyembamba. Kwenye mawe rimu itapinda siku ya kwanza, na kengele hii nzuri utaipiga ukiwa umekaa chini."

Ile ya Onesmo ilikuwa ngumu kweli. Sikujua aliishika, akaisukuma hatua chache, ikamvuta kama ng'ombe asiyemjua mtu. Akajaribu kuinua mguu kuvusha bomba, gauni likakataa. Watu wawili waliokuwa dukani walitazama pembeni.

"Ingekuwa hii," Akida akasema, "lakini huwezi kuipanda."

"Na hiyo ya misheni?"

"Utaipanda. Ila gurudumu lake la nyuma limechoka, na breki ni jina tu. Kupanda kilima utasukuma, hakuna shida. Kushuka ndiko kunakoua watu."

Sikujua alikaa kwenye ngazi ya baraza akafikiri. Pesa alizofunga kwenye pindo la khanga zilitosha ile ya kijani ilivyo, bila kuguswa. Zilitosha pia ile ya misheni, na kubaki. Alimwuliza Akida kama gurudumu la nyuma na keria ya Onesmo vingeweza kuhamia kwenye fremu ya kike. Akida akapima kwa kamba, akasema vitaingia, lakini Onesmo lazima akubali. Onesmo aliitwa. Alikuwa mtu mfupi mwenye kikohozi kikavu, na alikubali upesi kuliko walivyotazamia. Alisema yeye hana tena pa kwenda, nani atakuja kuuliza habari za gurudumu.

Pesa zilizobaki ziliishia kwenye breki. Mpya, mbele na nyuma. Kengele hakuchukua. Taa hakuchukua. Kiti alikizungushia gunia akakishona mwenyewe palepale barazani, huku Akida akikaza spoki.

"Umechagua mbaya kuliko zote," Akida akamwambia alipomaliza, akapangusa mikono. "Na ndiyo itakayokufikisha."

Hakujua kuiendesha. Aliisukuma kutoka Geita hadi kijijini, akalala njiani kwa watu. Kisha kila jioni, wengine walipokuwa wakipika, aliipeleka kwenye kichuguu nyuma ya mashamba, akapanda juu ya kichuguu ili akalie kiti, akajiachia. Alianguka kwa kila namna mtu anavyoweza kuanguka. Jirani mmoja alimwambia kwa huruma, "Mayu, kwa umri wako, si ukae tu?" Sikujua akamjibu kwamba kukaa ndiko anakokimbia. Jirani hakuelewa, naye hakumfafanulia.

Msimu wa mavuno ya mwaka 1977 alifunga debe la karanga kwenye keria akaondoka. Vilima alivisukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kiti, akipumzika kila aendapo kidogo. Kushuka alishuka polepole, breki zikilia, mawe yakiruka pembeni, na gurudumu la Onesmo halikutikisika. Katika njia ile yote hakukutana na mtu wa kumwambia kwamba anashuka kilima kwa baiskeli. Alijisemea kwa sauti, mara kadhaa, kisha akanyamaza kwa sababu sauti yake ilimshtua.

Mama Mihayo alikuwa anaanika dagaa. Alimwona, akaangusha ungo, akapiga vigelegele peke yake mpaka wanawake wengine wakatoka. Alikuwa amenenepa, na alikuwa akizungumza Kizinza na majirani zake kana kwamba alizaliwa nacho. Sikujua aliletewa kiti. Akaletewa chai yenye sukari nyingi. Alipotaka kushika mchi, mke wa Mihayo akaupokea kwa adabu: "Mama Mkubwa, wewe ni mgeni, pumzika."

Alipumzika. Kesho yake wawili hao walishuka ziwani kuosha vyungu, na huko ndipo Mama Mihayo alipouliza.

"Dada, siku ile ya lori, mbona hukuja nasi?"

Sikujua alisugua chungu. "Sikuitwa."

"Uitwe na nani? Ulikuwa umekaa mlangoni. Nilidhani hutaki kuliacha kaburi la mzee. Nilimwambia Mihayo asikulazimishe."

"Mzigo wangu ulikuwa umefungwa."

Mama Mihayo alikaa chini majini na khanga yake, kama mtu aliyekatwa miguu. Kisha akasema, "Basi hamia sasa. Kaa."

Sikujua alikaa siku kadhaa kuona kama inawezekana. Nyumba ilikuwa imejaa. Kila kazi ilikuwa na mwenyewe, kila mkeka na mwenyewe. Mihayo alimwonyesha heshima zote, akatoka kuvua. Mama Mihayo alimpenda vilevile, hilo alilihisi, lakini alikuwa na watu wa kucheka nao vichekesho ambavyo Sikujua alilazimika kuelezwa. Ule mji aliokuwa akiulilia kule nyumba ya mwisho haukuwa huku. Ulikuwa umevunjwa pale mteremkoni, na wala lori halikuupakia.

Alipoaga, Mama Mihayo alimsindikiza mpaka mchanga unapokwisha. Pale pana kipande cha ardhi tambarare, ngumu.

"Nipakie," Mama Mihayo akasema.

"Utanivunja."

"Keria hii? Nipakie, dada."

Akapanda nyuma, uzito wote, akamshika kiunoni. Sikujua akakanyaga, baiskeli ikayumba, ikanyooka, ikaenda. Walicheka mpaka Mama Mihayo akaomba ashushwe, akashuka huku anafuta machozi kwa ncha ya khanga. Walisimama pale. Halafu mmoja akarudi ziwani, na mwingine akaanza kusukuma kuelekea kilimani, bila kutazama nyuma.

Alikwenda tena mwaka uliofuata, na mwingine, kila baada ya mavuno. Kisha vita vikapita, na vitu vikatoweka madukani. Akida alimwambia tairi hazipatikani Geita, wala Mwanza. Zile zake zilishonwa, zikafungwa kwa vipande vya tyubu, mwishowe zikajazwa majani makavu. Majani yanakubalika kwenye njia ya kisimani. Kwenye mawe yale hayakubaliki. Mwaka 1982 alifika chini ya kilima cha kwanza, rimu ikagonga jiwe, akarudi.

Baada ya hapo walisalimiana kwa mkono wa utingo wa basi. Siku moja moja basi lilisimama barabarani, utingo akamrushia kifurushi cha dagaa kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Sikujua alikimbia kandokando ya basi lililokwisha kuanza kuondoka.

"Amesema nini?"

"Anasema anakusalimu sana!"

"Hajasema kingine?"

Utingo aliinua mikono, basi likaenda. Sikujua akasubiri vumbi litulie ndipo avuke barabara, akaenda kuwasha moto.