Njia ya Baiskeli Katikati ya Ngano

Mume wangu alikuwa akipeleka maziwa mjini kwa baiskeli. Njia yake ilianza nyuma ya zizi letu, ikakata mbuga moja kwa moja mpaka sokoni, na kila mwenye baiskeli upande wetu aliitumia. Shamba la ngano la serikali lilipoongezwa, trekta likailima ile njia. Wazee walikwenda kwa meneja kuomba aache japo upana wa baiskeli. Akawaambia, "Barabara ya malori ipo. Piteni huko."

Mume wangu akapita huko. Lori lililobeba mbegu likamgonga, akafa hapo hapo pembeni, maziwa yamemwagika. Meneja hakuja msibani.

Mimi nilitoka Endagikot, kule Mbulu, kuolewa huku Hanang. Kwetu, na huku pia, aliyefiwa namna hiyo hachangamani na watu, asije akawaambukiza mkosi wa kifo. Hapiti njia zao, hagusi mtu, mpaka wazee waseme msiba umekwisha na anyolewe nywele. Majirani waliniwekea unga juu ya jiwe, wakaondoka. Nikakaa ndani nikiwaza. Kama sipiti njia za watu, basi nitapita ile ambayo si ya mtu tena.

Nikachukua baiskeli ya mume wangu, gurudumu la mbele limepinda, nikaisukuma ndani ya ngano changa, palepale ilipokuwa njia. Kila asubuhi nilikwenda mpaka karibu na nyumba za kwanza za mjini, nikarudi. Sikuwa na safari. Nilikuwa nakanyaga ngano ya meneja.

Walinzi wa shamba walikuwa vijana wa huku huku. Waliniona, wakasimama mbali. Siku moja meneja alikuja na Landrova, akapiga kelele.

"Mkamateni huyo mama!"

"Bwana meneja, ana msiba. Hashikwi."

"Hashikwi, ana moto?"

"Shuka wewe umshike, bwana. Sisi tuna watoto."

Hakushuka. Nikaendelea kusukuma, gurudumu likilia.

Ngano ilipoanza kuiva, jirani yangu, mama mtu mzima, alisimama nje ya ua akaniita.

"Wazee wamesema yatosha. Njoo tukunyoe."

"Shikamoo, mama. Bado."

"Bado nini? Watu hawakai msibani kwa kupenda."

"Mimi nakaa. Nikinyolewa leo, kesho watanishika."

Akaniangalia sana. "Umekuwa mbaya wewe."

"Ndiyo, mama."

Wifi yangu alijifungua wakati huo. Mtoto nilimsikia akilia ng'ambo ya ua, sikumbeba. Hilo nalo nililiweka kwenye deni la meneja.

Walipomaliza kuvuna wakaleta trekta kulima upya. Dereva alikuwa mtu wa Mbulu. Alipofika kwenye alama zangu akainua jembe, akageuza. Meneja akamfokea. Yule dereva akazima, akashuka, akamnyooshea ufunguo.

"Hapo amepita mwenye msiba msimu mzima. Lima mwenyewe."

Madereva wengine nao wakakataa. Pakabaki kipande chembamba kisicholimwa, kutoka zizi letu mpaka mjini. Siku hiyo nikaenda kunyolewa. Wazee wakachinja kondoo, wakaitakasa njia pamoja na mimi. Kisha watu wakaja na majembe, wakaiunganisha na njia ya zahanati na ile ya mnadani. Baiskeli zikarudi, na keni za maziwa.

Masika yaliyofuata, Landrova ya meneja ilikwama. Nilikuwa nakata majani kando ya njia nilipomwona anakuja kwa miguu, viatu mkononi, anataka kukatiza kwenda mjini kabla mvua haijarudi.

"Mama, habari za hapa? Naomba nipite."

Nikasimama katikati, panga mkononi, ingawa sikuliinua.

"Barabara ya malori ipo," nikamwambia. "Pita huko."

Alinitazama, akageuka. Nilimwangalia akizama kwenye matope mpaka alipofika barabarani. Watu husema kisasi hakimtulizi mtu. Mimi usiku ule nililala.