Njia ya Kulikwepa Boma la Mama

Watu wakisikia kwamba shemeji yangu Jared aliacha biashara ya samaki, husema alichoka. Uongo mtupu. Jared alikuwa na miaka thelathini na minne, na miguu ya kupanda kilima chochote kati ya Karungu na Awendo bila kushuka kwenye baiskeli. Alifungiwa njia, na waliomfungia nawajua kwa majina. Nina hasira hadi leo, na anayetaka kuniambia nitulie asijisumbue.

Alimwoa dada yangu Roseline mwaka wa 1961. Mwaka uliofuata akanunua baiskeli nyeusi ya chuma, isiyo na gia, nzito kama ndama. Kila Jumanne na Ijumaa alifunga matenga mawili ya samaki aina ya ngege kwenye karia, nyuma ya kiti, akayafunika kwa majani mabichi, akatoka ziwani alfajiri. Ilimbidi afike soko la Awendo kabla ya saa sita, kwa sababu baada ya hapo jua linawaharibu samaki. Mteja wake mkubwa alikuwa Nyanchama, Mkisii aliyewapeleka samaki hao kwao milimani, na mama huyo hakuwa na mchezo. Alifunua shavu la samaki, akanusa, na asiporidhika alisema, "Baba, hii peleka kwa paka yako."

Baada ya vilima vya nyasi, njia fupi ya kwenda kwenye kivuko cha mto Kuja ilipita katikati ya boma letu, kati ya nyumba ya mama yetu na ghala lake, kisha ikateremka wima hadi majini. Hapo ndipo palipokuwa na shida.

Kwetu Waluo, mama mkwe huitwa maro, na mume wa binti yake hamkaribii ovyo. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani hadi mwenzake apite. Ni heshima, wala hakuna chuki ndani yake. Mama yetu Phelesia, aliyekuwa mjane, alimpenda Jared kuliko alivyonipenda mimi, na hakukosea. Lakini Jared kupita uani kwake mara mbili kwa wiki, huku mama anafagia au ananawa uso, hilo halikuwezekana.

Basi akachonga njia yake mwenyewe. Miezi mitatu alishinda huko na panga na jembe, siku zote ambazo hakuwa na samaki. Ilianza juu kwenye nyasi ndefu, ikazunguka mgongo wa kilima, ikaingia msitu wa mtoni na kushuka kwa kona saba chini ya mikuyu. Kwenye kona aliinua udongo upande wa nje ili gurudumu lisitoke. Penye tope alipanga mawe, penye kijito akalaza magogo mawili. Nilimfuata mara moja kwa baiskeli ya kuazima.

"Simama kwa pedeli, shemeji! Usikalie kiti!" alinipigia kelele kutoka mbele. "Breki ya nyuma peke yake!"

Nilishika ya mbele. Nilitua kwenye matope kwa kidevu, naye alicheka hadi akalazimika kuegemea mti.

Haukupita muda, kila mwenye magurudumu aliitumia: mwalimu, katekista aliyekuja kutoka Asumbi, wauza samaki wenzake, hata wanawake wenye uchungu wa kuzaa waliobebwa kwenye karia. Hakuna aliyeuliza njia ni ya nani. Ilikuwa njia tu, na Jared aliifyeka kila mvua zilipokwisha, bila kumwomba mtu hata kibuyu cha uji.

Mwaka wa 1967 ikaja kamati ya kupima mashamba. Mwenyekiti alikuwa Cephas, mtu mwenye tumbo kubwa na macho madogo, aliyekuwa akiutamani ule msitu tangu zamani. Mimi nilikuwa mwanakamati kwa sababu nilijua kusoma. Utaratibu ulikuwa kwamba kamati inakwenda mpakani penyewe, na mwenye neno anasimama mbele ya meza, anasema watu wote wakisikia. Asiyesema, anaandikwa kuwa hana neno.

Cephas akapanga mpaka wa msitu na mpaka wa mama yetu isikilizwe asubuhi moja, mahali pamoja. Alijua anachofanya. Yeye ni Mjaluo kama sisi, ana wakwe kama sisi.

Jared alikuja na shati safi. Akamwona maro wake ameketi mbele, karibu na meza. Akasimama pale pale, mbali upana wa shamba zima, nyuma ya ua wa mkonge, akatugeuzia mgongo.

"Jared!" Cephas aliita. "Mwenye neno juu ya hii njia akuje mbele!"

Jared hakugeuka. Angegeukaje? Mama naye akaelewa, akaanza kuinuka aondoke ili mkwewe apate nafasi.

"Mama, keti," Cephas akamwambia kwa upole wa kutapisha. "Ukienda, shamba yako itaandikwa haina mwenyewe."

Akaketi. Mjane angefanya nini? Karani, Mkuria aliyeitwa Werema, hakujua mila zetu. Akainua kalamu na kuuliza, "Na yule amesimama kule ni nani?"

"Huyo?" Cephas akasema. "Huyo ni mtu anapita tu."

Watu wakainamisha vichwa. Wale wote walioizoea ile njia, na mwalimu akiwemo, waliona ni neno la Jared, aseme Jared. Nami nilikuwa nimekaa mezani, mkono wangu unagusa mkono wa karani. Ningesema maneno matano tu, ingetosha. Lakini juzi yake Cephas alikuwa amesogeza mawe ya mpaka wangu, nikaongezewa kipande kizuri chenye mikuyu, kinachoshuka hadi mtoni. Karani akasukuma karatasi, nikatia sahihi.

Kabla ya mwezi kwisha Cephas alikuwa ameuzungushia msitu seng'enge. Kona zote saba zikabaki ndani, na magogo ya kijito akayafanya kuni.

Jared alijaribu barabara kubwa, maili kumi na mbili zaidi. Alifika Awendo saa nane, amelowa jasho, na Nyanchama akafunua mashavu ya samaki na kuyafunika tena, asinunue. Wiki ya tatu nyumbani kwa dada yangu walikula samaki walioharibika. Mama aliposikia, akamtuma Roseline: "Mwambie apite hapa. Siku zake nitakaa ndani na mlango nimeufunga."

Akakubali, kwa aibu kubwa. Jumanne na Ijumaa mama yangu alijifungia nyumbani mwake mwenyewe kama mfungwa, kwa ajili ya tumbo la Cephas.

Aprili ya 1968 mvua ikanyesha asubuhi nzima. Ilikuwa Ijumaa. Jared alichelewa, mama akadhani amekwisha kupita, akateremka mtoni kuchota maji. Alikuwa anapanda na mtungi kichwani, pale njia inapobanwa na miamba, Jared alipotokeza juu akiwa na matenga mawili na breki zilizolowa. Palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Akakata usukani kuelekea kwenye mawe.

Goti lilivunjika vibaya. Tulipofika, mama alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, amempa mgongo, analia kwa sauti iliyokwisha kukauka. Kitambaa chake cha kichwa alikuwa amekinyoosha nyuma, bila kutazama, ili Jared ajifunge damu. Ngege walikuwa wametapakaa hadi majini.

Jioni hiyo mama alikuja kwangu. Hakuketi.

"Maurice, wewe ulikuwa kwa meza," alisema. "Una mdomo. Ile kona walikuongezea, fungua njia hapo."

Nilifungua. Nilifyeka wiki mbili, nikapinda kona chini ya mikuyu jinsi nilivyomwona akifanya, nikapanga mawe hadi viganja vikachubuka. Inalikwepa boma la mama vizuri kabisa. Wauza samaki wakaanza kuipita Agosti, na wananisifu. Wananisifu mimi! Kila anayenishukuru natamani kumtukana.

Jared alikuja kuiona kwa fimbo, mguu umekauka kama mti. Baiskeli alikuwa amekwisha kuiuza. Alitazama kona ya kwanza kwa muda mrefu, akaubonyeza udongo wa ukingo kwa ncha ya fimbo.

"Umeinua vizuri," alisema. Kisha akanitazama. "Shemeji, siku ile mimi nilishindwa kukuja mbele sababu ya mama. Wewe ulishindwa sababu ya nani?"

Akageuka na kuanza kupanda kilima, polepole, akipumzika kila baada ya hatua chache.