Nilivyomsemea Mdogo Wangu Tanga

Nimehudumu mezani katika hoteli moja ya Diani kwa miaka kumi na miwili, na kazi hiyo hiyo ndiyo iliyoniumbua siku niliyovuka mpaka kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Nilikuwa ninakwenda Tanga kwenye harusi ya mdogo wangu wa kwa baba. Mama yake alipoachwa alirudi naye kwao Tanga, mtoto akiwa na miaka minne, akakulia huko. Sisi tuliobaki Msambweni tulimjua kwa simu tu. Alipochumbiwa, alinipigia akaniambia kwamba wakwe zake wananong'ona: huyu binti ana mama, lakini hana kwao. Hakuomba zawadi. Aliomba mtu mmoja wa upande wa baba asimame ukumbini, mbele ya wakwe, aseme kwamba yeye ana watu.

Baba alikuwa amepigwa na kiharusi, mguu mmoja haumtii, kwa hiyo safari hakuiweza. Idhini ya ndoa alikwisha kuitoa kwa simu, na ndoa ikafungwa Ijumaa. Sherehe ya ukumbini ilikuwa Jumamosi usiku, na msemaji nilikuwa mimi. Baba alinipa kanzu yake ya Idi, mke wangu akaipiga pasi, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki. Hotuba niliiandika mwenyewe, maneno machache, nikaifanyia mazoezi alfajiri nikipanga vijiko, nikivihutubia viti vitupu vya mkahawa. Viti vilinisikiliza vizuri sana.

Nilitoka kazini mchana na nguo zangu za kazi, suruali nyeusi, shati jeupe na kizibao cheusi, nikiazimia kubadilisha nikifika. Foleni ya mpakani Lunga Lunga ikanila muda. Nilipofika ukumbini ilikuwa saa mbili usiku, na mlango wa mbele umejaa watu wa sare wakipigwa picha. Niliona haya kupita hapo na mfuko wangu wa plastiki, nikazunguka nyuma kutafuta mahali pa kuvalia kanzu. Mlango wa nyuma ulikuwa wa jikoni.

"Umechelewa," akaniambia mama aliyekuwa akiwasimamia wahudumu. "Haya, soda hizi, meza ya tano."

Trei ilikuwa mkononi mwangu kabla sijafungua mdomo. Ningeweza kuirudisha, lakini kwetu Msambweni kaka wa bibi harusi hakai akangojea kuletewa. Yeye ndiye anayebeba masinia na kuwanawisha wageni mikono, na akionekana ameketi watu watamsema mwaka mzima. Nikajiambia nipeleke trei hii moja, kwa heshima ya mila, halafu nikavae. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Mimi niliishika, na utumwa nikaupata vilevile.

Meza ya tano ilitaka barafu. Meza ya sita ikaniita. Wale vijana wa Tanga walikuwa wakibeba sahani mbili mbili, nami, kwa kiburi cha Diani, nikapanga nne kwenye mkono mmoja. Msimamizi akaniona, akanihamishia meza za mbele. Mungu anisamehe, nilifurahi. Kwa muda wa saa nzima nilisahau kabisa kilichonitoa kwangu.

Ndipo mshereheshaji akachukua kipaza sauti akaanza kutambulisha familia. Upande wa bwana harusi walisimama safu mbili nzima, mashangazi, wajomba, mpaka mwalimu wake wa madrasa. Upande wa mama wa bibi harusi wakasimama wachache. Kisha akamwita msemaji wa upande wa baba, kutoka Kenya. Nilikuwa katikati ya ukumbi na sahani nne za kuku.

Hapa ninataka kusema kweli, kwa sababu kisa hiki nimekwisha kuwasimulia wenzangu kazini kama kichekesho, na nikifika hapa huwa ninawadanganya. Huwaambia kwamba muziki ulikuwa mkubwa, sikusikia. Nilisikia. Muziki ulikuwa umezimwa. Ukumbi mzima uligeuza shingo kumtafuta mtu wa Kenya, macho yakanipita kama yanavyopita nguzo, nami nikawaza: nikiziweka sahani hizi chini niseme ni mimi, wakwe watajua kwamba kaka wa bibi harusi ndiye aliyekuwa akiwafungulia soda. Mshereheshaji akaita mara ya pili. Mimi nikageuka, nikarudi jikoni na kuku wangu, wageni wa meza ya pili wakiwasindikiza kwa macho. Nikiwa mlangoni nilimsikia akisema labda Wakenya wamekwama mpakani. Watu wakacheka, wakaendelea na keki.

Msimamizi aliniuliza kwa nini kuku wamerudi. Nikaziweka sahani chini, akanipa trei ya soda nipeleke meza kuu.

Mdogo wangu alikuwa ameinamisha uso kama mabibi harusi wote, lakini niliuona mkono wake ukikunjakunja kitambaa cha meza. Aliuinua uso nilipomfikia. Kwa simu tulikuwa tumeonana mara nyingi, hangeweza kukosa kunitambua.

"Shikamoo, kaka," akasema polepole.

Hakuna bibi harusi anayemwamkia mhudumu shikamoo, na bwana harusi akageuka kunitazama. Nikajibu marahaba. Nikamfungulia soda yake, na mimi wa miaka kumi na miwili ya kazi nikaimwaga kwenye kitambaa. Alipangusa mwenyewe. Kisha akamwambia mumewe kwamba nimemkumbusha mtu wa kwao, wakageukia mambo mengine. Mpaka leo sijui kama alinisitiri au alinikana. Yote mawili ningestahili.

Nilikula pilau jikoni, nimekalia kreti, pamoja na wahudumu. Msimamizi alinisifu mbele yao, akaniambia Jumamosi ijayo kuna harusi nyingine nisikose.

Asubuhi nilivuka kurudi. Kanzu ya baba ilikuwa bado na mikunjo ya pasi, basi nikaingia chooni Lunga Lunga nikaifinyafinya mpaka ikafanana na kanzu iliyovaliwa. Njia nzima nilikuwa ninatunga uongo, huu nikautupa, huu nikaushika. Sikuhitaji hata mmoja. Nilimkuta baba amekaa kitandani, anacheka na mdomo wake uliopinda. Mdogo wangu alikuwa amempigia alfajiri, akamwambia kwamba nilisimama nikasema mpaka mama mkwe wake akatokwa na machozi.

"Hebu vaa hiyo kanzu," baba akaniambia, "usimame pale, useme kama ulivyosema."

Nikaivaa. Nikasimama karibu na mlango, nikasema: "Huyu ni mtoto wetu. Ana baba, ana ndugu, ana kwao. Mkimpenda, tumeshukuru. Akiwashinda, msimpige wala msimtukane, turudishieni, mlango wetu hatuufungi." Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.

Baba alijifuta macho kwa mkono wake mzima, akasema hivyo ndivyo anavyosemewa mtoto.

Tangu hapo, kila anayekuja kumjulia hali baba lazima aisikie hotuba hiyo. Baba huniita nikiwa nyumbani, huniagiza nisimame palepale. Majirani wameisikia, imamu ameisikia, hata daktari anayemnyoosha mguu ameisikia mara mbili. Mdogo wangu tu ndiye ambaye hajaisikia.