Darasa la Wanaojua Tayari

Kinyaa kilikuwa kimemjaa Mwalimu Eduviges Barragán tangu asubuhi, mkuu wa shule, Bwana Kessler, alipomwambia kwamba kipindi chake cha Kihispania kinafutwa.

"Watoto wako wanakiongea nyumbani, mwalimu. Tuwafundishe nini tena?"

Nini tena! Eduviges alizaliwa papa hapa bondeni, binti wa wahamiaji wachuma tofaa waliojua Kihispania tu. Kihispania cha nyumbani alikuwa nacho tele: cha kuombea chumvi, cha kugombana na kaka zake. Alipokuwa na umri wa wanafunzi wake, daktari alimtuma amwambie baba yake kwamba figo zake zimekufa. Mtoto hakujua figo zinaitwaje kwa Kihispania. Akasema ni maumivu ya mgongo, na baba akarudi shambani. Ndiyo maana darasani kwake watoto walisoma mikataba ya kazi na vyeti vya hospitali, si rangi na siku za wiki.

Jioni wazazi walijaa ukumbini kwa mkutano wa shule. Eduviges alikuja na sufuria ya atole, uji wa mahindi wenye mdalasini. Miaka yote yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wa Kessler, asiyejua Kihispania, katika mikutano hiyo, bila malipo, bila asante. Leo alikataa. Basi Kessler, hana hata chembe ya haya, akamsimamisha Yaretzi, mwanafunzi wa darasa hilo hilo, amtafsirie.

Binti akatafsiri kila neno la tangazo la kufuta kipindi, machozi yakimlengalenga. Mtu mzima na tai yake, anajificha nyuma ya mtoto!

"Kaa chini, mwanangu," akasema mama yake Yaretzi, Doña Chayo, aliyetoka moja kwa moja kiwandani anakofungasha tofaa. Kisha akamkazia Kessler macho, akamwaga Kihispania chake: "Eti watoto wetu hawahitaji mwalimu, na wewe hata kutusalimia huwezi bila wao? Huna aibu, bwana wee! Sisi tukikosa mwalimu, na wewe kosa mkalimani!"

"Mpe vidonge vyake, shoga!" wakadakia wenzake.

"Amesemaje?" Kessler akamwuliza Yaretzi. Yaretzi akatazama viatu vyake. Akauliza safu ya mbele, wakamtazama tu. Mwisho akamgeukia Eduviges.

"Mwalimu, tafadhali. Wanasema nini?"

Eduviges alimsikia vizuri sana. Akafunua sufuria, akaanza kuwamiminia akina mama uji.