Breki za Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuwa na mtindo wake barabarani: mteremko ukianza tu, anatoa gia na kuweka free. "Petroli ghali, mteremko wa bure," husema, kisha anaegemeza mguu kwenye breki mpaka bondeni. Hakuna aliyembishia. Mimi ndiyo kabisa. Mkamwana hamfundishi kazi baba mkwe, na niliolewa nikiwa nimeambiwa hilo hadi masikio yakachoka.

Siku hiyo tulitoka Mbinga kurudi nyumbani Majengo, pikapu imejaa magunia ya maharage hadi springi zimelala. Nilikaa naye mbele, mwanangu mchanga mapajani. Katikati ya mteremko mrefu nikasikia harufu. Mimi ni mtoto wa dereva wa lori. Harufu ya breki zinazoungua naijua kama ya uji. Baba yangu alikuwa akituambia kwamba mzigo huzuiwa na gia. Ukiiachia breki kazi yote, inapata moto, mafuta yake yanachemka, na pedali inazama bila kushika kitu.

Nikakohoa. Nikashusha kioo. Mwishowe nikasema, "Baba, kama kuna kitu kinaungua."

"Watu wanachoma mashamba."

Nikamkumbatia mtoto. Nilikuwa na hasira hadi meno yaliniuma.

Kona ya chini ikatokea. Akakanyaga breki. Akakanyaga tena, harakaharaka, mguu ukagonga sakafu. Hapo adabu ikanitoka.

"Ingiza gia, baba! Tatu! Haya, mbili! Vuta hendibreki, taratibu!"

Nilimfokea kama mtoto mtukutu. Injini ikanguruma, pikapu ikatetemeka, tukaikata kona tukiwa upande usio wetu. Kwa rehema za Mungu hakuna gari lililokuwa linapanda. Kilima kilichofuata ndicho kilichotusimamisha.

Magurudumu yalikuwa yanafuka moshi. Akakimbilia dumu la maji. Nikamwambia aache, chuma cha moto kikimwagiwa maji hupasuka. Tukakaa kwenye majani kusubiri yapoe, mtoto akilia, mzee akiyatazama magurudumu.

"Mama, ile harufu uliisikia tangu wapi?"

"Tangu kule juu, baba."

"Sasa mbona hukusema?"

Nikainua uso, nikamtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Yeye ndiye aliyeinama.